Kiinua mgongo kimeingia: namna ya kukipanga ili soko likiyumba usiyumbe nalo

Shikamooni wakubwa. Hii nimeiandika kwa ajili ya watu wawili hasa, mtumishi aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu hapa Tanzania, na yule ambaye mkupuo, yaani ile sehemu ya mafao inayolipwa yote kwa mara moja, umeshasoma benki wiki hii na simu haipoi, maana ndugu wameshasikia, afisa mikopo ameshapiga, kuna mtu wa viwanja Kigamboni na kuna mtoto wa shangazi mwenye wazo la gari. Kabla hujamjibu hata mmoja soma taratibu, na chukua daftari maana kuna hesabu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wastaafu wengi nawasikia wanaogopa soko kushuka. Mimi naogopa zaidi mstaafu anayelazimika kuuza siku ile ile ambayo bei imeshuka, kwa sababu mgonjwa yuko wodini au paa limeng'oka na hana hela nyingine pembeni. Bei ikishuka ukiwa hauuzi hiyo ni habari tu ya magazetini, ikishuka ukiwa unauza basi hasara imekuwa yako moja kwa moja. Kwahiyo karibu kila hatua hapa chini inahangaika na jambo hilo hilo, usije ukauza kwa kulazimishwa.

Hatua ya 1: Jua una shilingi ngapi za uhakika kila mwezi

Watu wanaongelea mkupuo tu, kikokotoo kikokotoo (yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao), wakati hela kubwa kuliko zote iko kwenye pensheni ya mwezi. Tuifanye hesabu tuone. Kanuni iliyoanza Julai 2022 inachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka, inazidisha na miezi uliyochangia, inagawa kwa 580, hiyo ndo pensheni kamili ya mwaka. Kisha asilimia fulani ya hiyo inazidishwa na 12.5 unapewa kwa mkupuo, inayobaki unalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwanzo mkupuo ulikuwa asilimia 33 kwa wote, kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ikapandisha hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa linapata 50, na 35 kwa wale waliokuwa wanapata 25.

Sasa tuchukue mwalimu mwenye wastani wa milioni 1.2 kwa mwezi, amechangia miaka 30, yaani miezi 360, na yuko kwenye kundi la 40. Mshahara wa mwaka ni milioni 14.4, zidisha 360 gawa kwa 580 unapata kama milioni 8.94 kwa mwaka. Mkupuo wake ni kama milioni 44.7, na pensheni ya mwezi inakuja kama shilingi 447,000. Huyu mwalimu tutaenda naye mpaka mwisho.

Hiyo 447,000 haijali soko la hisa limeamkaje. Dar es Salaam soko lipande lisipande, dola ifike ngapi, yenyewe inaingia mpaka siku unaondoka duniani. Ndo sakafu yako. Ubaya wake ni mmoja, haikimbizani na bei za sokoni. Nyongeza za pensheni zinakuja kwa nadra na usiziwekee hesabu kabisa. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka 18 hiyo hela itakuwa inanunua nusu ya inachonunua leo. Na sisi tumeshaona zaidi ya 4, Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8. Kwa hiyo mkupuo una kazi mbili, kujazia pengo la kila mwezi na kukua kidogo ili huko mbele usibanwe.

Hatua ya 2: Andika pengo lako, kwa ukweli

Kaa na mwenza wako, sio peke yako, andikeni matumizi ya mwezi mmoja wa kawaida. Chakula, umeme, maji, gesi, vocha, sadaka, michango ya misiba na harusi (hii wengi wanaisahau halafu ndo inayokula hela kuliko umeme), nauli, dawa. Kuna vitu vinashuka ukistaafu kama nauli na nguo za kazini, kuna vitu vinapanda. Bima ya afya ulizia mapema kabla hujatoka kazini, kama ulikuwa unakatwa NHIF jua wewe na mwenza wako mnaendeleaje na huduma na karatasi gani zinatakiwa, usisubiri mpaka kadi ikataliwe dirishani.

Mwalimu wetu tuseme anatumia 700,000. Pensheni 447,000. Pengo ni 253,000 kwa mwezi, kama milioni 3.04 kwa mwaka. Hiyo namba iandike kubwa kwenye jalada la daftari kwa sababu kila mtu atakayekuja na wazo la biashara utampima nayo: je, wazo lako linanipa 253,000 kila mwezi bila mimi kukosa usingizi?

Pengo likitoka kubwa sana, mfano una mkupuo wa milioni 44 na pengo la laki sita kwa mwezi, hapo hakuna uwekezaji utakaokuokoa, ni milioni 7.2 kwa mwaka, asilimia 16 ya hela yote. Punguza matumizi au tafuta kazi ndogo ya kuingiza kitu kwa miaka ya mwanzo wakati miguu bado ina nguvu. Anayekuahidi asilimia 16 salama kabisa bila wasiwasi mkimbie.

Hatua ya 3: Miezi mitatu ya kwanza usifanye kitu

Yaani kitu kikubwa. Lipa madeni yenye riba mbaya kwanza, hasa hizi kausha damu na mikopo ya simu, hamna uwekezaji unaolipa kuliko kuacha kulipa riba ya aina hiyo. Rekebisha kinachovuja nyumbani. Mwalimu wetu anatenga milioni 2.7 kwa ajili hiyo, zinabaki 42.

Hizo 42 ziweke sehemu iliyotulia unayoweza kuzitoa, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja) ambao ukiomba hela unalipwa ndani ya siku chache za kazi, au dhamana za serikali za muda mfupi za Benki Kuu (zipo za siku 35, 91, 182 na 364, kuanzia laki tano). Ndugu wakiuliza hela iko wapi, jibu ni moja tu, "imefungwa". Sio uongo, umeifunga wewe mwenyewe.

Kwa wanaoweka benki, jueni kitu kimoja. Bodi ya Bima ya Amana inafidia mpaka milioni 7.5 kwa mteja kwenye benki moja ikifungwa, ilipandishwa 2023 kutoka milioni 1.5. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mkupuo, za wananchi na ndogo ndogo, kwa hiyo usiseme haitokei. Milioni 40 zote benki moja ndogo kisa wanatoa riba nzuri, mimi siwezi.

Hatua ya 4: Gawa mafungu matatu kulingana na lini utaihitaji hela

Hapa ndo moyo wa mambo, tukae kidogo.

Fungu la kwanza ni la miaka miwili ijayo. Chukua pengo la miaka miwili, kwa mwalimu ni kama milioni 6.1, ongeza milioni 3 za dharura, tuseme milioni 9 kwa ujumla. Hii inakaa kwenye Mfuko wa Ukwasi au benki, haiguswi kwa lingine. Faida yake ndogo na usilalamike. Unanunua uwezo wa kusema "mimi siuzi leo", na uwezo huo una bei yake.

Fungu la pili ni la kukulipa, milioni 25, hati fungani za serikali. Serikali inakukopa, inakulipa kuponi, yaani riba yake, mara mbili kwa mwaka, mwisho wa muda inarudisha mtaji. Unaanza na milioni 1. Riba ya hati fungani za serikali za miaka mitatu na kuendelea haikatwi kodi, wakati riba ya benki inakatwa asilimia 10, kwa hiyo fiksidi ya benki (amana ya muda maalum) ya asilimia 9 mfukoni kwako inafika 8.1. Tuchukulie wastani wa asilimia 11.5 kwa ajili ya hesabu tu, milioni 25 zinatoa karibu milioni 2.88 kwa mwaka. Linganisha na pengo la 3.04. Umeona? Karibu limeziba lote, na kinachopungua, kama laki moja na nusu na kitu kwa mwaka, kinatoka fungu la kwanza.

Fungu la tatu ni la mbali, milioni 8, hisa au mifuko inayochanganya hisa kama Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS. Hii ni hela ya mwaka wa 8, wa 10, wa 15, ya wakati ambao ile 447,000 itakuwa imechoka. Hii ndo itakayoyumba na unatakiwa uiruhusu iyumbe.

Mgawanyo huu sio amri. Mwenye nyumba za kupanga na watoto wanaojitegemea anaweza kuongeza fungu la tatu, mwenye kisukari na presha na wajukuu ndani aongeze la kwanza. Ila utaratibu wenyewe wa kupanga hela kwa tarehe ya kuihitaji huo usiuvunje.

Hatua ya 5: Kununua hati fungani bila kuingia kichwa kichwa

Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hati fungani na hisa zako kwa kompyuta, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, unahitaji kitambulisho cha NIDA, picha na akaunti ya benki. Benki Kuu inatoa kalenda ya minada, zipo za miaka 2 mpaka 25 ila sio kila muda unatolewa kila mara. Mtu wa kawaida omba kwa njia isiyo ya kushindana, yaani hutaji bei, unachukua wastani wa wale wakubwa walioshindana. Usijifanye mjanja wa kutaja bei kama huifuatilii.

Sasa mambo ambayo watu hawaambiwi pale kaunta.

La kwanza, kuponi sio faida yako mpaka ujue umenunua kwa bei gani. Hati ya zamani yenye kuponi ya 15.49 ukiuziwa 115 kwa kila 100, kuponi ukilinganisha na hela uliyotoa inakuwa kama asilimia 13.5 tu, na mwisho wa muda unarudishiwa 100 sio 115. Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, uliza bei.

La pili, viwango vinabadilika na havikuulizi. Wakati flani ya miaka 20 ilikuwa 15.49 na ya miaka 25 ilikuwa 15.95, ikafika 2022 mpya zikatoka na 12.10 na 12.56. Aliyekuwa ameshachukua za miaka 25 aliendelea kula 15.95 yake kwa raha, aliyekuwa na fupi fupi tu akiamini viwango vitakuwa vile vile zilipoiva akakuta soko jipya. Upande wa pili nao upo. Umenunua ya miaka 25 kwa kuponi 12 halafu viwango vikapanda mpaka 15, siku unataka kuuza ghafla nani atanunua 12 yako kwa bei kamili wakati anaweza kupata 15? Hesabu inakupeleka kwenye kama 80 kwa kila 100, yaani milioni 20 yako utauza kwa takriban milioni 16 kabla ya gharama za dalali. Ukiishikilia mpaka mwisho hupotezi hiyo nne. Unaona kwa nini fungu la kwanza ni la lazima.

Kwa sababu hakuna anayejua viwango vitaenda wapi, zipishane. Mwalimu anachukua milioni 10 za miaka 20, milioni 8 za miaka 10, milioni 7 za miaka 5. Viwango vikishuka, ndefu inakulinda. Vikipanda, fupi inaiva unaenda kuchukua vipya. Na kuna ujanja mdogo mtamu sana hapa, nunua kwenye miezi tofauti. Kama moja inalipa Februari na Agosti, nyingine Aprili na Oktoba, ya tatu Juni na Desemba, basi kila miezi miwili kuna hela inaingia, ni kama umejiajiri mwenyewe. Wasiotaka usumbufu huo wote Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS una mpango wa gawio la kila mwezi, soma waraka wao kuona kiwango cha chini, ila kumbuka pale gawio halina kuponi iliyoahidiwa, linategemea mfuko umefanyaje.

Zipo pia za kampuni na taasisi zilizoorodheshwa sokoni. Tanga UWASA walitoa ya miaka 10 kwa asilimia 13.5 mwaka 2024, CRDB wakaja na ile ya miundombinu ya barabara ya miaka 5 kwa asilimia 12 inayolipa kila miezi mitatu. Ni nzuri kuchanganya kidogo ila hiyo ni taasisi inakukopa, sio serikali, usiweke fungu zima. Na kwa wanaokwepa riba kwa imani yao, sukuk (hati za uwekezaji zisizo na riba) zimeanza kupatikana, KCB walitoa ya Fursa 2022 na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ikatoa ya kwake 2025. Zikiongezeka hao nao watapanga mafungu yao vizuri, kwa sasa inabidi wasubiri matoleo na wategemee zaidi hisa za kampuni zinazokubalika kwao.

Hatua ya 6: Hisa, kidogo kidogo, na kwa roho ngumu

Chukua CRDB kama somo maana kila mtu anaijua. 2009 walipouza hisa kwa umma ilikuwa shilingi 150. 2015 wakauzia wanahisa wao nyingine kwa 350, na watu walichukua. Kufika 2019 bei ilikuwa imeanguka chini ya 100. Fikiria una hisa ulizonunua 350 na ubaoni unaona tisini na kitu, jirani anakwambia si nilikwambia. Waliouza pale walipoteza karibu robo tatu ya walichoweka, hapo gawio hujahesabu. Waliokaa, mwaka 2024 bei ilikuwa imepita 600. Benki ile ile, hisa zile zile, tofauti nani alikuwa na hela ya kula wakati anasubiri.

Lakini usitoke hapa ukaamini kila hisa ikishuka itarudi. Vodacom iliuzwa 850 mwaka 2017 ikaja kukaa miaka chini ya hapo. Precision Air iliuzwa 475 mwaka 2011 na kwa muda mrefu bei ubaoni ikawa imeganda tu, mnunuzi hayupo, unaweza ukawa na hisa zenye bei nzuri kwenye karatasi na usipate wa kumuuzia hata robo. Soko letu ni dogo, lilianza biashara 1998 na kampuni zinazouzika kila siku ni chache. Ndo maana fungu hili ni milioni 8 na sio 25, na ndo maana usiweke kampuni moja.

Namna ya kuingia: usinunue zote siku moja. Laki tano kila mwezi kwa miezi 16. Mwezi bei iko juu unapata hisa chache, mwezi imeshuka unapata nyingi, na kichwa kinatulia maana huhitaji kubahatisha siku nzuri. Changanya benki mbili, kiwanda kimoja au viwili vinavyotoa gawio miaka mfululizo, na nusu ya hela iende kwenye Mfuko wa Umoja ambako wenye kazi yao wanachanganya. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa asilimia 5 na linakufikia likiwa limeshakatwa.

Hatua ya 7: Soko likishuka, fanya hivi

Kwanza usifungue programu ya simu kila asubuhi. Pili angalia fungu la kwanza lina miezi mingapi, kama lina zaidi ya miezi 12 huna tatizo lolote, endelea kula pensheni na kuponi. Likishuka chini ya miezi 12 na hisa bado ziko chini, usiguse hisa, punguza matumizi ya hiari (mchango wa harusi wa laki mbili unaweza kuwa elfu hamsini na dunia isianguke) na subiri hati fungani inayoiva karibu au kuponi ijayo.

Soko likipanda sana ndo wakati wa kuvuna, na hapa watu wanashindwa kuliko kwenye kushuka. Weka mwezi mmoja kwa mwaka, mfano Julai baada ya magawio mengi kulipwa, kaa chini uhesabu. Kama milioni 8 imekuwa 12, uza za milioni 2 au 3 jaza fungu la kwanza lirudi miaka miwili, na kinachozidi nunua hati fungani. Mara moja kwa mwaka inatosha. Kila ukiuza na kununua dalali anakula, na uzee wenyewe una kazi nyingi kuliko kukodolea macho ubao.

Shilingi nayo huyumba, ilitoka kwenye 2,300 na kitu kwa dola ikapita 2,700 mwaka 2024 halafu ikarudi kupata nguvu. Waliokimbilia kununua dola kileleni waliumia. Kama matumizi yako ni ya shilingi, huna mtoto anayesoma nje wala dawa unazoagiza, achana na mambo ya kubahatisha dola.

Hatua ya 8: Wanaokuja na mawazo

Nyumba za kupanga naziheshimu, ila fanya hesabu. Umejenga kwa milioni 40, kodi 250,000 kwa mwezi ni milioni 3 kwa mwaka, asilimia 7.5, hapo hakuna mwezi mpangaji kahama, hakuna rangi, hakuna kodi ya serikali. Na siku umelazwa huwezi kuuza choo ukanunue dawa, utauza nyumba nzima na kwa haraka, yaani kwa bei ya kutupa. Kama kiwanja unacho tayari na nyumba iko kwenye lenta, kumalizia kunaweza kuwa na akili. Kuanza msingi ukiwa na miaka 60 kwa hela yote ya mkupuo, hapana.

Gari la biashara, gesti, kilimo cha tikiti cha kusimamiwa kwa simu: kama hukuwahi kuifanya ukiwa na mshahara, usiijaribie kwenye mafao. Ukitaka sana, chukua sehemu ya fungu la tatu, isizidi milioni 2, na ikiisha iwe imeisha, hakuna kuongezea.

Na wale wa "panda uvune". DECI mwaka 2009 ilikuwa hivyo hivyo, watu wanapanda mbegu wanavuna mara mbili, wa kwanza walilipwa kweli wakashuhudia mpaka kwenye nyumba za ibada, serikali ilipoingilia maelfu hela zikabaki huko. Siku hizi wamehamia kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, wanasema roboti inafanya forex, yaani biashara ya fedha za kigeni. Kipimo ni kifupi. Uliza leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, halafu usimwamini yeye, hakikisha mwenyewe kwa CMSA kwamba hilo jina wanalo. Hela ikitakiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hapo hamna cha kuhakikisha, zima simu.

Kudhamini mkopo wa mtoto kwa hati ya nyumba au kuchukua mkopo wa mstaafu unaokatwa kwenye pensheni, hiyo ni kutoboa sakafu. Unaweza kumsaidia mtoto kwa kiasi ambacho ukikikosa kabisa maisha yako hayabadiliki, mpe kama zawadi, usiite mkopo, mtabaki mnasalimiana.

Hatua ya 9: Karatasi

Hii fupi lakini ndo familia nyingi zinakwama. Uhakiki wa wastaafu ufanye kwa wakati, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) wana programu yao ya Kiganjani inayosoma sura kwa hiyo sio lazima usafiri, mwombe mjukuu akuelekeze ila namba ya siri usimpe. Kwenye UTT, CDS na benki jaza majina ya wategemezi au warithi na yafanane na yaliyoko NIDA, herufi kwa herufi, maana "Halima" na "Halyma" vimezungusha wajane mahakamani miezi. Andika wosia. Halafu chukua karatasi moja andika vitu ulivyonavyo viko wapi: namba ya CDS, namba ya akaunti ya vipande vya UTT, hati fungani ipi inaiva mwaka gani, jina la dalali. Usiandike namba za siri. Nakala moja kwa mwenza, moja kwa mtoto unayemwamini anayejua kukaa kimya, na kila Julai ukimaliza hesabu zako iandike upya, ya zamani ichane.